Samaki Mwenye Magoti

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mkemia ametangaza. Nafasi ya Msimamizi wa Mapokezi iko wazi, na mwisho wa mwezi atapendekeza jina moja. Katika maabara yetu ni watu wawili tu wanaoweza kuipata. Mimi, niliyekaa dirishani miaka kumi na mmoja nikipokea sampuli za vyakula na kuziandika kwenye daftari. Na Bwana Mizani, anayezipima uzito, mwenye miaka minne tu. Jibu liko wazi. Ila Mkemia alipokuwa anatangaza alimwangalia yeye! Nimeona kwa macho yangu. Labda alikuwa anaangalia saa ya ukutani nyuma yake. Labda.

Bwana Mizani hupima kila kitu. Chakula chake cha mchana hukipima. Siku moja nilimkuta anapima ukope wake. Na kikiletwa chochote chumba cha chai, yeye huchukua fungu kubwa kuliko wote, eti anataka sampuli inayowakilisha.

Nyumbani nako kuna mtihani. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye tangu mwaka jana, amekonda hadi gauni linageuka mbele nyuma akitembea. Meno yamebaki matano, na hayakutani. Nyama hawezi kuitafuna. Maharage yanamjaza upepo. Maziwa yanamvuruga tumbo. Muuguzi wa zahanati amesema anahitaji protini na madini ya chuma, na aliposema alinikazia macho mimi. Mke wangu, fundi cherehani mwenye ulimi kama mkasi wake, akaniuliza hapo hapo mbele ya mama yake: mtu anayeshinda maabara ya vyakula anashindwaje na tumbo la bibi mmoja?

Nimeumia.

Lakini! Kwenye benchi la zahanati palikuwa na jarida lililopoteza jalada. Ukurasa mzima kuhusu wadudu wanaoliwa. Nyenje, panzi, kumbikumbi, hata mabuu. Eti unga wa nyenje una protini zaidi ya mara mbili ya maharage makavu. Una chuma. Una zinki. Una ile vitamini B12 ambayo mboga hazina. Mimi nimepokea sampuli za unga miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kuniletea nyenje! Nimechana ukurasa nikauficha ndani ya soksi. Sijui kwa nini soksi. Msisimko.

Mpango: nimlishe mama mkwe, anenepe, mke wangu anyamaze. Kisha niandike ripoti, Mkemia atoe macho, nafasi iwe yangu. Na nisimwambie mtu kilichomo mpaka akipende kwanza. Akili hiyo!

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda duka la ndege wa kufugwa, ambako nyenje huuzwa kama chakula cha ndege. Mwenye duka akauliza nina ndege wa aina gani. Nikasema mkubwa, mzee, hana meno. Akasema hakuna ndege mwenye meno. Nikasema ndiyo maana. Akanipa maboksi mawili huku akinitazama mpaka nilipotoka mlangoni.

Nimewaficha kwenye kabati la vitambaa la mke wangu, rafu ya chini kabisa, ambako hafiki kwa sababu ya mgongo.

Kabla ya kufunga boksi nilimtazama mmoja kwa muda mrefu. Sikujua kama nyenje ana uso wa mtu anayefikiria. Ukurasa wangu unasema masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Nikapiga magoti nikausemesha mguu wake. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Akapunga papasi, zile nyuzi mbili ndefu za kichwani. Nimejisikia vibaya kidogo, halafu nikakumbuka cheo.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu amesema kabati linaimba.

Nikamwambia ni mbao zinakauka. Akasema mbao za kabati hilo zilikauka kabla hatujaoana. Ukurasa unasema wanaoimba ni madume peke yao, kwa kusuguanisha mabawa. Kwa sauti ile, nimeuziwa madume watupu.

Mabaya zaidi: boksi moja lilikuwa na tundu. Wametoka, wamepanda rafu hadi rafu, wamekula pindo la gauni la mteja. Gauni la harusi ya dada wa mteja huyo! Wamelichonga kwa ustadi, kama wamepewa vipimo. Mke wangu akaliinua juu, mwanga ukapita. Nikasema ni nondo. Nikasema haraka mno. Akaniuliza mbona jasho linanitoka. Nikasema ninawaonea huruma wateja wake.

Alipoenda kununua uzi nikawakusanya wote niliowaona na kuwatia sehemu ya barafu ya friji. Ukurasa unasema baridi huwalaza taratibu bila maumivu. Natumaini aliyeandika aliwauliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua ruhusa ya nusu siku. Sababu niliyoandika: mambo ya familia. Kweli tupu!

Nimewakaanga bila mafuta, nikawasaga kwenye mashine ya kusagia viungo. Harufu! Kama karanga, na kwa mbali kama uyoga. Nilitegemea kuchukia. Nikalamba kidole. Nikalamba cha pili. Inashangaza jinsi mtu anavyoweza kufika umri wangu bila kujua ladha ya kitu kinachoruka mlangoni kwake.

Vijiko viwili kwenye uji wa mama mkwe. Nikamletea kwa heshima zote. Mke wangu alikuwa chumba cha mbele, cherehani inalia, hakusikia kitu.

Mama mkwe akanywa kijiko kimoja. Akakiangalia kijiko, akakilamba.

"Mwanangu," akasema, "huyu umemsaga na miguu yake."

Nikauliza huyu nani.

"Nyenje. Usiniulize huyu nani. Mguu umenasa kwenye jino, na jino lenyewe ndilo ninalolitegemea."

Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe mama mkwe alikuwa bingwa! Akiwa msichana hakuna aliyekamata panzi na nyenje haraka kuliko yeye. Waliwala wiki nzima, akasema, na hakuna aliyehitaji kuambiwa na muuguzi kwamba ana damu. Akanieleza makosa yangu moja baada ya jingine. Sikuwanyima chakula siku nzima ili watoe uchafu tumboni. Sikuwachemsha kwanza. Sikuwatoa miguu wala mabawa. Sikutia chumvi. Nilijiona kama mwanafunzi aliyekuja shule bila kaptula.

Kisha akaomba bakuli la pili.

Nikamwomba asimwambie binti yake kwanza. Akanitazama. Akasema yeye amejua kwa sababu ana ulimi wenye kumbukumbu, je, asiyejua atajuaje? Nikasema hiyo ndiyo siri ya mafanikio. Akasema hakuelewa. Nikasema sayansi ina mambo yake.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu alienda kupeleka nguo kwa wateja. Mama mkwe akakunja mikono ya gauni. Somo!

Nyenje wa boksi la pili, ambalo halikuwa na tundu, walikuwa wamefunga kula tangu jana. Tukawatia kwenye barafu, kisha tukawachemsha dakika tano. Wakabadilika rangi, wakawa wekundu kwa mbali. Nikauliza kwa nini wanakuwa wekundu. Mama mkwe akasema hakuwahi kuuliza, alikuwa na njaa. Tukakaa mezani kuwanyofoa miguu na mabawa. Yeye aliwanyofoa ishirini nikiwa nahangaika na wa tatu. Nikamsomea ukurasa: maganda na miguu yana nyuzinyuzi zinazofaa tumbo. Akasema aliyeandika hivyo ana meno yote.

Basi tumekaa hivyo, jua linaingia dirishani, rundo la miguu kwenye gazeti. Mke wangu akaingia.

Akatazama meza. Akatazama mama yake. Akanitazama mimi.

"Hao ndio nondo wako?"

Nikasema ndiyo. Nikasema hapana. Nikasema nondo ni neno pana.

"Nondo wana miguu hiyo?"

Mama mkwe akamwambia aketi, aache kelele, achukue mmoja ale. Nikangoja dunia ipasuke. Mke wangu akachukua mmoja kwa kucha mbili, akamnusa, akamtafuna akiwa amefumba macho. Akayafumbua. Akasema chumvi imepungua.

Kisha akanishukia. Hakukasirishwa na wadudu, akasema, alikasirishwa na kufichwa. Mama yake anajua anachokula na amekichagua, ale hadi ashibe. Lakini siku nitakayomtilia mtu kitu kwenye sufuria yake bila kumwambia, nitafute sufuria yangu na nyumba ya kuiweka. Na lile pindo la gauni nitalishona mimi.

Nimelishona. Mshono umeyumba kama njia ya mlevi. Ameufumua wote na kushona upya. Iliniuma kuliko sindano.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya tano ya uji. Mama mkwe ameacha kusukuma bakuli mbali. Leo ameligonga kwa kijiko kuita zaidi.

Lakini ripoti inahitaji namba, na namba zinatoka kwa mashine, na mashine hupima sampuli za wateja tu. Je, mteja ni nani? Ni mtu aliyeandikwa kwenye daftari. Daftari liko kwa nani? Kwangu!

Nikaandika: *Unga wa samaki. Mteja hakutaja jina.* Unga wa mama mkwe haukutosha kiwango, nikajazia na ule wangu wa kwanza, uliosagwa na kila kitu. Bwana Mizani akapima, akanusa, akapima tena. Akasema samaki huyu ananukia karanga. Nikamwambia ni wa maji baridi. Akasema hata wa maji baridi hawanukii karanga. Nikamwambia afanye kazi yake ya kupima, pua si kifaa cha maabara. Amenuna. Vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Mkemia ameniita ofisini. Mlango akaufunga mwenyewe. Mezani karatasi nyeupe, na juu yake kitu kidogo sana. Akanipa lenzi.

"Samaki huyu," akasema, "ana magoti."

Nikatazama. Mguu wa nyenje, mzima kabisa, miiba yote mahali pake. Kipande kilichoikwepa mashine yangu na jino la mama mkwe kikaja kunishtaki huku. Nikasema huenda samaki alikuwa amemeza mdudu. Mkemia akasema mashine haijaona dalili ya mfupa. Samaki asiye na mifupa, mwenye magoti. Angependa sana kukutana na mvuvi wake.

Nikakiri. Kila kitu, hadi soksi.

Nilingoja barua ya kufukuzwa. Badala yake akavuta kiti. Akaanza kuuliza! Nyenje walikula nini? (Maganda ya karoti, na pindo la gauni.) Akasema hilo ni muhimu, maana alacho mdudu ndicho tutakachokikuta ndani yake, yaani karoti, si pindo. Walichemshwa dakika ngapi? Nani alinifundisha? Nikasema mama mkwe. Akaandika "mama mkwe" kwenye karatasi, akapiga mstari chini.

Halafu akanionyesha namba. Protini, sitini na mbili kwa mia. Nikaruka. Akaniambia nirudi chini. Mashine haioni protini, akasema, inaona nitrojeni, kisha tunakisia. Na ganda la nyenje nalo lina nitrojeni, lakini si protini, kwa hiyo hesabu inavimba. Akakata sitini na mbili, akaandika hamsini. Nikasikitika kama nimeibiwa. Akasema hamsini bado ni kitu kikubwa, maharage hayafiki nusu yake, na usikitikie namba kwa kuwa ya kweli.

Nikamwambia basi chuma kimeishinda nyama. Akauliza nyama gani. Nikasema ya ng'ombe. Akauliza mbichi au kavu. Nikasema nyama tu. Akasema nimemlinganisha mdudu aliyekaushwa na nyama iliyojaa maji. Nikaushe na nyama, kisha turudi kuzungumza. Nimekaa mapokezi miaka kumi na mmoja na hakuna aliyeniambia kwamba maji ndiyo yanayodanganya! Nilisahau cheo kwa dakika nzima. Nilikuwa nataka tu kujua zaidi.

Mwisho akasema kazi ni nzuri, udanganyifu ni mbaya, na nisimpe mtu yeyote unga ule hadi apime vijidudu na mengineyo. Mama mkwe aendelee na wake mpya, maana huo unachemshwa na yeye amezoea tangu utotoni. Wengine, hapana. Nikaahidi.

Njiani kurudi nyumbani nimelitafakari neno "mtu yeyote". Nadhani alimaanisha wateja. Watu wa ofisi si "mtu yeyote".

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilioka biskuti. Unga wa ngano, sukari, siagi, na unga wa nyenje. Mke wangu nilimwambia ni za kazini. Mama mkwe nilimwambia nimeruhusiwa. Mpango ulikuwa safi: saa nne, chumba cha chai, wote wanakula, wote wanasifu, nasimama, natoa siri, Mkemia anapiga makofi.

Saa nne ikafika. Wakala! Wakasifu! Bwana Mizani akachukua sita, akaziweka kwenye mizani yake, akasema zinalingana vizuri. Akatafuna. Akasema zina kitu, hajui ni kitu gani, lakini zina kitu. Nikakohoa, nikasimama.

Bwana Mizani akaanza kujikuna shingo.

Kisha mkono. Kisha mdomo wa juu ukavimba mbele ya macho yetu, kisha wa chini. Akasema koo linambana. Alisema kwa sauti si yake. Mkemia aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, mkononi hana biskuti, akaniangalia na kuelewa bila kuuliza. Akachukua funguo za gari. Nilikaa nyuma, kichwa cha Bwana Mizani begani kwangu. Kila pumzi yake ilikuwa na filimbi ndani.

Hospitali, daktari akauliza amekula nini.

"Biskuti," nikasema.

"Biskuti za nini?"

Hapa naandika kweli, kwa kuwa hii ni shajara na hakuna atakayeisoma. Nilifikiria cheo. Kwa muda wa pumzi moja, nilifikiria cheo. Na pumzi hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya Bwana Mizani, na ilitoka ikachelewa kurudi.

"Nyenje!" nikapiga kelele. "Za unga wa nyenje! Nimezioka mimi, yeye hakujua!"

Daktari hakucheka. Akamgeukia Bwana Mizani, akamuuliza kama kamba wa baharini humdhuru. Bwana Mizani akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sindano ya paja, papo hapo. Baadaye daktari akatueleza: nyenje na kamba ni ndugu wa mbali, wana vitu vinavyofanana mwilini, na mwili unaomkataa mmoja huweza kumkataa mwenzake. Mtu wa namna hiyo lazima aambiwe kabla ya kutia mdomoni. Ukurasa wangu haukusema. Au ulisema upande wa pili, ambao jasho la soksi liliufuta.

Nimesimama kando ya kitanda kama nguzo. Filimbi ikapungua, ikapungua, ikaisha. Bwana Mizani akafumbua macho, moja zaidi ya jingine. Akanivuta shati.

"Gramu ngapi?" akauliza.

Nikamwambia kama gramu mbili kila biskuti. Akahesabu kwa vidole. Sita. Kumi na mbili. Akafumba macho, ametulia, kama mtu aliyepata jibu.

Nikatoka nje nikalia kwenye maua ya hospitali.

Jumapili, 16 Machi

Nimeenda kumwona nyumbani kwake. Nimebeba papai. Alilipima kabla ya kusema karibu.

Midomo imerudi mahali pake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, lakini hakuyangoja. Aliniuliza jambo moja tu: kwa nini sikusema?

Nikamjibu kwa unyoofu kwamba ningesema asingekula.

"Naam," akasema.

Akachukua kisu. Tukala papai.

Kilichoniuma ni hiki. Wakati naondoka, akaniuliza zile biskuti zilikuwa na nini kingine. Nikasema siagi na sukari tu. Akasema ni biskuti tamu kuliko zote alizowahi kupima, na katika ofisi nzima ni yeye peke yake asiyeweza kuzila tena. Alisema bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Nimerudi nikamweleza mke wangu yote. Hakusema "nilikuambia". Alinitengea chakula, akanitajia kila kilichomo, pamoja na maji.

Jumatatu, 17 Machi

Hukumu. Mkemia hakungoja mwisho wa mwezi. Msimamizi wa Mapokezi ni Bwana Mizani. Kwa sababu, alisema, alinusa karanga na akasema amenusa karanga. Mimi nimepewa onyo la maandishi. Nilipoambiwa nilitia sahihi kwa mkono ulionyooka. Ninastahili, hata mimi naona.

Amri mpya imebandikwa mlangoni: chakula chochote kinacholetwa chumba cha chai lazima kiwe na kibandiko kinachotaja kila kilichomo. Kila mtu alijua amri ile ni ya nani. Jina langu halikuandikwa, lakini lilisomeka.

Ila utafiti unaendelea! Mkemia anataka kujua unga wa nyenje wa mama mkwe unatofautianaje na ule unaosagwa viwandani. Nilijua ataniomba niuongoze. Akaniambia nimlete mama mkwe.

Jumatano, 19 Machi

Mama mkwe amekuja maabara. Wamempa koti jeupe na kiti cha magurudumu madogo. Cha ofisi! Mimi miaka kumi na mmoja nakalia stuli. Aliwaonyesha jinsi ya kunyofoa miguu, Mkemia akajaribu, akashindwa, wakacheka hadi machozi. Mkemia akauliza kwa nini nyenje huwa wekundu wakichemshwa. Mama mkwe akasema yeye ndiye anayetaka kuambiwa. Wakainama wote wawili juu ya sufuria, bega kwa bega. Nilisimama mlangoni nikiwa na wivu na furaha, sijui kipi kilikuwa kingi.

Tulipitia zahanati. Ameongezeka kilo moja! Nikamtazama muuguzi kama mtu anayesubiri nishani. Muuguzi akasema siku hizi chache hazitoshi kusema ni nyenje. Huenda ni hamu ya kula imerudi, huenda ni kuwa na la kufanya. Arudi baada ya mwezi, tupime na damu. Mama mkwe akasema yeye hajali ni kipi, mradi gauni sasa linakaa upande wa mbele.

Ijumaa, 21 Machi

Nimebadilika. Naandika hapa ili ibaki kumbukumbu. Kuficha kumekwisha. Mtu ana haki ya kujua kinachoingia kinywani mwake. Nimemwambia mke wangu hivyo leo asubuhi, akaniwekea mkono begani. Nilikaribia kulia tena.

Jumatatu kuna chai ya kumpongeza Bwana Mizani. Nimejitolea kuoka keki. Hakuna aliyefurahi, lakini nilisisitiza.

Sasa, mchana nilikuwa maktaba nikitafuta habari za kukausha nyama, kama Mkemia alivyosema. Nikakutana na sura nyingine kabisa. Maganda ya mayai! Yakichemshwa, yakakaushwa, yakasagwa hadi yawe laini kama poda, nusu kijiko tu kina kalsiamu ya kumtosha mtu siku nzima. Tunayatupa! Kila asubuhi, nchi nzima, mifupa ya watu inatupwa jalalani! Nilisoma hadi mkutubi akaanza kuzima taa. Fikiria Mkemia akila kipande, akisifu, halafu nimwambie!

Na safari hii nimefanya kwa uangalifu mkubwa. Nimempigia simu Bwana Mizani, nikamuuliza kwa mbali, kama mazungumzo tu, iwapo mayai humdhuru. Hayamdhuru. Anakula matatu kila siku, gramu hamsini na tano kila moja. Akauliza kwa nini nauliza. Nikasema ninamjali.

Kibandiko pia nimekiandika, kwa wino mweusi, herufi kubwa, kila kitu kimo, hata maganda. Amri ni amri. Haisemi kikae wapi.

Nimekibandika chini ya sinia.